Kutoka Mto Amazon hadi Ziwa Tanganyika: Makuzi ya Mwanamapinduzi katika Filamu Diarios de motocicleta

Ikisiri

Makala haya yanahakiki filamu Diarios de motocicleta (2004) ya mwongozaji Walter Salles, ikiwa ni filamu ya wasifu na papo hapo filamu ya safari. Hoja yake ni kwamba nguvu ya kazi hii imo katika namna inavyomchelewesha kijana wake asiwe shujaa kabla ya wakati, na udhaifu wake umo katika kurasa ambazo iliamua kutozifungua, yaani zile zinazohusu Waafrika wa Caracas na ule wa mwisho unaotabiri umwagaji damu. Kwa watafiti wa Kiswahili na wa historia ya eneo la Maziwa Makuu, kurasa hizo haziwezi kuachwa, kwa kuwa kijana huyohuyo alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1965 akiitwa kwa jina la Kiswahili.

Utangulizi

Filamu Diarios de motocicleta inapokaribia kwisha, baada ya ndege kupaa kutoka Caracas, maandishi machache hupita kwenye skrini. Yanaeleza kwamba Ernesto Guevara alikuja kuwa kamanda katika mapinduzi ya Kuba, kwamba alipigania imani yake nchini Kongo na Bolivia, na kwamba aliuawa Bolivia mwezi Oktoba 1967 kwa ridhaa ya shirika la ujasusi la Marekani. Kongo inatajwa mara hiyo moja tu, mithili ya kituo ambacho basi hukipita bila kusimama. Mtazamaji wa Buenos Aires au wa Madrid huenda asilione neno hilo. Mtazamaji wa Uvira, Bujumbura au Kigoma hawezi kutoliona, kwani kituo hicho ni kwao.

Hapo ndipo uhakiki huu unapoanzia. Si nia yake kuilaumu filamu ya mwaka 1952 kwa kutosimulia mambo ya mwaka 1965. Kila msanii ana haki ya kuchagua mahali pa kuanzia na pa kuishia. Lakini filamu ya makuzi ina masharti yake. Inapomwonyesha mtazamaji jinsi mtu alivyoundika, inadai pia, hata kama haisemi, kwamba aliyeundika pale ndiye tuliyekutana naye baadaye. Dai hilo linaweza kupimwa, na Afrika ya Mashariki na Kati ina kipimo chake.

Safari na wanaosafiri

Mambo ya msingi ni haya. Mwezi Januari 1952 vijana wawili wa Ajentina waliondoka Buenos Aires kwa pikipiki kuukuu aina ya Norton yenye injini ya sisi 500, waliyoipa jina La Poderosa, yaani Yenye Nguvu. Ernesto Guevara alikuwa na miaka 23, mwanafunzi wa udaktari aliyebakiza mitihani michache na aliyekuwa na pumu tangu utotoni. Alberto Granado alikuwa na miaka 29, mtaalamu wa biokemia aliyefanya kazi na wagonjwa wa ukoma. Walipita Chile, Peru na Kolombia hadi Venezuela, wakaagana mwezi Julai. Kila mmoja aliacha maandishi. Granado alichapisha yake Havana mwaka 1978. Ya Guevara yalisubiri hadi miaka ya 1990. José Rivera, mwandishi mzaliwa wa Puerto Rico, alivitumia vitabu vyote viwili kutunga mswada wa filamu. Mwongozaji ni Mbrazili, mwigizaji wa Ernesto ni Gael García Bernal wa Meksiko, mwigizaji wa Alberto ni Rodrigo de la Serna wa Ajentina, mpigapicha mkuu ni Mfaransa Eric Gautier, na muziki ni wa Gustavo Santaolalla. Mchanganyiko huo wa mataifa una uzito wake, na utarejewa baadaye.

Fasihi ya Kiswahili ina mapokeo yake ya habari za safari, na ni vyema kuyakumbuka kabla ya kuvutiwa mno na barabara za Patagonia. Mkusanyo wa Safari za Wasuaheli uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901 umesheheni wasafiri wanaohesabu vituo, bei, vyakula na desturi, akiwamo Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Masimulizi ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kama Tippu Tip, yanapita katika nchi ambazo leo ni Tanzania na Kongo kwa mwendo wa bunduki na meno ya tembo. Katika maandishi hayo msafiri huona mengi, hupata au hupoteza mali, kisha hurudi. Ni nadra kusema kwamba yeye mwenyewe amegeuka. Safari hupimwa kwa kile kilicholetwa nyumbani.

Filamu ya safari ya karne ya ishirini imelipindua jambo hilo. Humo mali hupotea mapema, chombo huharibika, na kinachobaki ni msafiri mwenyewe. Salles anaifuata kanuni hiyo kwa uaminifu. La Poderosa inaanguka matopeni, inagonga ng'ombe, na hatimaye inaachwa Chile, ikiwa bado ni mapema. Filamu yenye pikipiki katika jina lake inaendelea kwa miguu, kwa malori na kwa mashua kwa zaidi ya nusu ya urefu wake. Hili si jambo dogo katika msuko. Wakiwa juu ya pikipiki, vijana hawa huwapita watu. Wanaanza kukaa nao pale tu wanapokosa usafiri.

Shujaa anayecheleweshwa

Filamu inaanza kwa kukana ushujaa. Maneno ya awali, yaliyotolewa katika daftari la Guevara, yanatangaza kwamba hii si hadithi ya matendo makuu. Wapo waliolichukulia tangazo hilo kama unyenyekevu wa kujipendekeza. Kwa sehemu kubwa ya saa mbili zake, hata hivyo, filamu hulitimiza. Ernesto wa García Bernal ni kijana mwenye haya, hajui kucheza dansi, na hajui kudanganya hata pale uongo ungekuwa adabu. Akiombwa maoni kuhusu uvimbe wa mwenyeji wao, anautaja kwa jina lake halisi. Dk. Hugo Pesce wa Lima, mtaalamu wa ukoma na msoshalisti aliyewapa malazi, nguo na vitabu, anapomwomba maoni kuhusu riwaya yake, kijana anamwambia waziwazi kwamba ni mbaya. Alberto ndiye mwenye maneno matamu. Ndiye anayelihadaa gazeti la Temuco liwaandike kuwa mabingwa wa ukoma, na ndiye anayepata chakula. Kwa miguu minne ya wahusika hawa wawili, mmoja akisema kweli isiyo na faida na mwingine uongo wenye faida, ucheshi wa nusu ya kwanza husimama imara.

Mpaka hapa hakuna siasa. Inaingia kwa njia ya dola kumi na tano.

Chichina, mchumba wa Ernesto, anampa fedha hizo amnunulie vazi la kuogelea iwapo atafika Marekani. Alberto anaziomba kila wanapopatwa na njaa, na Ernesto anazinyima: kwa ajili ya pikipiki, kwa ajili ya chakula, hata kwa ajili ya dawa. Kisha katika jangwa la Atacama wanakutana na mume na mke walioporwa ardhi yao, ambao mume ni mkomunisti anayesakwa na polisi. Wanaelekea machimbo ya shaba ya Chuquicamata kutafuta kazi ya hatari, kwa kuwa kazi ya hatari haiulizi mtu itikadi yake. Wanawauliza vijana kama nao wanatafuta kazi. Vijana wanajibu kwamba wanasafiri kwa ajili ya kusafiri tu. Kimya kinachofuata ni mojawapo ya vipindi bora kabisa vya filamu hii. Aibu inapita usoni mwa García Bernal bila neno, na mwanamke yule anawabariki katika safari yao. Muda mrefu baadaye Alberto anafahamu, na mtazamaji pamoja naye, kwamba fedha zilibaki jangwani mle.

Daftari halina dola hizo jangwani. Lina blanketi moja waliloachiwa wanandoa wale katika baridi ya usiku. Badiliko hili la Rivera linastahili kusifiwa kuliko kulaumiwa, kwa sababu linafanya kazi ambayo hotuba isingeweza kuifanya. Fedha ya tajiri iliyokusudiwa kununua nguo ya ufukweni inageuka nauli ya mchimba madini, na filamu haipigi ngoma wakati huo. Inaliacha jambo lijulikane kwa kuchelewa. Asubuhi inayofuata, msimamizi wa kampuni ya Anaconda anawachagua vibarua kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, na Ernesto analirushia lori jiwe. Jiwe halimwumizi mtu. Lakini filamu inalikumbuka, na mtazamaji analipima dhidi ya mengine yatakayorushwa miaka iliyofuata.

Nyuso

Kuanzia Cuzco, kamera inabadilika. Mtoto mwenyeji anawatembeza wageni mitaani na kuwaonyesha kuta mbili, moja ya Wainka na nyingine ya Wahispania, kwa mzaha unaowageuza wajenzi wa pili kuwa wasioweza kitu. Wanawake wafumaji wanasimulia kwa Kikechua, na mtoto huyo anatafsiri. Mkulima anaeleza jinsi mwenye shamba alivyomfukuza mavuno yalipokaribia. Vipindi hivi vina hewa ya mazungumzo yasiyoandikwa. Waigizaji wamesimama kando, wakisikiliza. Baadaye filamu itawarudisha watu hao mmoja mmoja, wakiwa wamesimama kimya mbele ya kamera, kwa rangi nyeusi na nyeupe, macho yao yakimtazama mtazamaji.

Picha hizo zimesifiwa sana, na zinastahili. Hata hivyo zina tatizo ambalo mhakiki hapaswi kulipita kwa adabu. Mtu anayesimama kimya mbele ya kamera amepewa heshima, lakini amenyang'anywa hoja. Mkulima wa Cuzco alipokuwa akisema, alikuwa na kisa, na kisa kilikuwa na mwenye shamba, polisi na mavuno. Aliporudi kama picha, akawa mfano wa mateso ya bara zima, akahifadhiwa katika kumbukumbu ya Ernesto. Ni yeye anayekumbuka. Wao ni wa kukumbukwa. Filamu za wasifu huangukia hapa mara nyingi: umati unapata uso ili mtu mmoja apate dhamiri.

Huko Machu Picchu, Alberto anaota mapinduzi ya kura na sherehe, naye Ernesto anamjibu kwamba mapinduzi yasiyo na risasi hayawezekani. Ni sentensi moja, inasemwa kwa upole, karibu kama mzaha kati ya marafiki. Bunduki inayotajwa hapo haimo mkononi mwa mtu.

Mto

Kilele kipo San Pablo, makazi ya wagonjwa wa ukoma kando ya Mto Amazon nchini Peru. Filamu imewaandaa watazamaji kwa picha ya meli iliyowabeba vijana hao, ikikokota nyuma yake mashua iliyojaa maskini. San Pablo penyewe mto umegawanya dunia mbili: madaktari na watawa upande huu, wagonjwa upande ule. Watawa wanawalazimisha wageni kuvaa glavu, ingawa ukoma hauambukizi kwa kushikana mikono kwa namna hiyo, vijana wanazivua. Asiyehudhuria misa hapati chakula, na wagonjwa wanawaletea sahani kwa siri.

Tarehe 14 Juni Ernesto anatimiza miaka 24. Katika sherehe anatoa hotuba, ambayo imo pia katika daftari: mipaka ya mataifa ya Amerika ni ya kubuniwa, watu wake ni kabila moja la machotara kuanzia Meksiko hadi mlangobahari wa Magellan. Kisha filamu inaongeza tendo. Usiku huohuo anajitosa mtoni kuogelea hadi upande wa wagonjwa ili asherehekee nao. Anahema, pumu inambana, walio nyuma wanampigia kelele arudi, walio mbele wanampigia kelele aje. Anafika. Katika daftari, uzito wa usiku ule umo katika hotuba na kinywaji. Ni filamu iliyouhamisha uzito huo kutoka mdomoni kwenda mwilini.

Kisinema, uamuzi huo ni sahihi. Hotuba ni ahadi, na kuogelea ni malipo yake. Lakini ndani ya kuogelea huko filamu inatoa nadharia nzima ya mshikamano, na nadharia hiyo ndiyo inayopaswa kuchunguzwa. Ina sehemu tatu. Kwanza, kinachotenganisha watu ni mto, yaani kitu kinachoweza kuvukwa kwa ujasiri na mapafu. Pili, mwenye jukumu la kuvuka ni mmoja, naye ni yule aliyetoka upande wenye nafasi. Tatu, ng'ambo daima inangoja na kushangilia. Hakuna mgonjwa hata mmoja anayeuliza: umekuja kufanya nini?

Kurasa zilizoachwa

Filamu inapofika Caracas inafika uwanja wa ndege tu. Daftari linapofika Caracas linapanda vilimani, katika mitaa ya maskini ambako weusi na wahamiaji Wareno waliishi nyumba kwa nyumba. Guevara anaandika kuwahusu, na maneno yake hayapendezi. Anawasawiri watu wa asili ya Afrika kuwa wavivu na wenye ndoto, ambao chumo lao huishia kwenye anasa na ulevi, na kumweka Mzungu kando yao kuwa mwenye desturi ya kazi na akiba. Ni chuki za rangi za kawaida za kijana wa tabaka lake na zama zake, zilizoandikwa wiki chache tu baada ya hotuba ya San Pablo. Kabila moja la machotara, kumbe, lilikuwa na watu ambao mwandishi wake hakuwa amewahesabu sawasawa.

Ukurasa wa pili ulioachwa ni wa mwisho. Humo mtu asiyetajwa jina anazungumza naye gizani kuhusu mapinduzi yajayo, na kijana anajiona, kwa furaha inayotisha, akishambulia vizuizi na kuwachinja maadui huku akinusa baruti na damu. Filamu imeubadilisha kwa barua ya upole kuhusu mtu ambaye si yule wa zamani tena. Ni kweli kwamba Guevara aliyaandika upya madaftari hayo baada ya kurudi, na kwa hiyo ukurasa huo pia ni usanii wa baadaye. Lakini kama filamu iliweza kutumia sehemu za usanii huo, iliweza pia kuukabili huu.

Wapo wanaosema filamu ilimtakasa mhusika wake kwa makusudi ya biashara, ili kijana mwenye uso mzuri akubalike katika kumbi za nchi tajiri. Shutuma hiyo ina chembe ya ukweli, ila ni nyepesi. Wimbo wa Jorge Drexler ulipopata tuzo ya Oscar mwaka 2005, wimbo wa kwanza wa Kihispania kuipata, ilidhihirika kwamba mlango wa soko ulikuwa umefunguka kweli. Hasara iliyo nzito zaidi ni ya kisanaa. Kwa kuondoa kauli za Caracas, filamu ilijinyima kosa ambalo lingeyapa makuzi yake maana kamili. Mtu asiye na ubaya wa kuuacha hakui. Anaongezeka umri tu. Ernesto wa Salles anatoka katika kutojua na kuingia katika kujua. Ernesto wa daftari anajua vibaya, na ilimbidi aje ajue upya, kwa gharama ya watu wengine pia.

Tatu

Mwezi Aprili 1965 Guevara aliwasili Dar es Salaam kwa siri, akaenda Kigoma, na usiku wa kuamkia tarehe 24 akavuka Ziwa Tanganyika hadi Kibamba akiwa na kundi dogo la Wakuba. Wengine walifuata, zaidi ya 100 kwa jumla, wengi wao weusi. Waliitana kwa tarakimu za Kiswahili. Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo Mbili, na Guevara mwenyewe Tatu. Huenda wateuzi hawakujua kwamba jina hilo katika pwani ya Afrika Mashariki hupewa mtoto wa kike.

Ng'ambo haikuwa ikimngoja. Viongozi wa wapiganaji hawakuwa wameambiwa kwamba atakuja; Laurent-Désiré Kabila alikuwa nje ya nchi, na baadaye alifika medani kwa siku chache tu. Wapiganaji walikuwa na dawa yao ya kuzuia risasi, na walikuwa na hesabu zao za nani afe kwa ajili ya nani. Walipotakiwa kubeba mizigo mlimani walikataa kwa kusema kwamba wao si malori, na Guevara aliliandika jibu hilo kwa Kiswahili chao, kwa hasira. Shambulio la Front de Force mwezi Juni lilishindwa. Mwezi Novemba Wakuba waliondoka kwa mashua usiku, na mashua hazikutosha kuwachukua Wakongo wote waliotaka kuondoka nao. Wengine waliachwa ufukoni. Kitabu alichokiandika baadaye kuhusu miezi hiyo kinatangaza mapema kwamba kinasimulia kushindwa.

Katika hitimisho la kitabu hicho kuna ungamo ambalo wanaisimu jamii wangepaswa kulisoma darasani. Guevara anajilaumu kwa kutojifunza Kiswahili kwa bidii ya kutosha. Alijua Kifaransa, na Kifaransa kilimwezesha kuzungumza na viongozi. Kwa sababu hiyohiyo kilimweka mbali na askari wa kawaida. Alikuwa na mwalimu, kijana Mkongo Freddy Ilanga, aliyefuatana naye kama mkalimani na ambaye baadaye alipelekwa Kuba, akasoma huko na kuwa daktari. Hakukosa mwalimu. Alikosa, kwa ushahidi wake mwenyewe, juhudi.

Ungamo hili linairudisha akili kwenye mto wa San Pablo. Huko Ernesto na wagonjwa walisema Kihispania kimoja. Kizuizi kilikuwa maji. Cuzco, ambako lugha ilikuwa kizuizi, mtoto alitafsiri, na filamu ikaendelea bila kupunguza mwendo. Lugha haikuwa kazi kwa mhusika yeyote mkuu. Katika Ziwa Tanganyika maji yalivukwa kwa usiku mmoja, na lugha haikuvukwa kwa miezi saba. Nadharia ya mshikamano iliyomo katika filamu, ile ya mapafu na ujasiri, ilishindwa mahali ambapo ilihitaji kitu cha kawaida zaidi: msamiati, subira, na utayari wa kusahihishwa na kijana mdogo.

Inashangaza, basi, kwamba sinema imeliruka tukio hili mara mbili. Salles alilipa neno moja. Steven Soderbergh, katika filamu yake Che ya mwaka 2008 yenye sehemu mbili, alisimulia Kuba kisha Bolivia. Sehemu ya pili inaanza na barua ya kuaga iliyosomwa hadharani na Fidel Castro mwezi Oktoba 1965, wakati mwandishi wake alipokuwa bado katika milima ya Fizi, na mara inahamia Bolivia. Filamu halisia ya Jihan El-Tahri ya mwaka 2007 kuhusu Kuba barani Afrika ndiyo iliyoupa mwaka huo nafasi inayostahili. Upande wa hadithi pengo limebaki.

Filamu hii katika shule na sera

Diarios de motocicleta inafaa kuonyeshwa katika madarasa ya eneo hili. Vijana wanaoijua sura yenye bereti kutoka kwenye vioo vya matatu na vikinga-tope vya bodaboda watanufaika kumwona kijana asiye na bereti, anayekohoa, anayekosea njia. Ila isionyeshwe peke yake. Mwalimu anayeitumia kufundisha historia ya ukombozi pasipo kurasa za Caracas na hitimisho la kitabu cha Kongo anafundisha nusu ya makuzi, na nusu iliyo rahisi. Kurasa hizo ni chache. Tafsiri yake ya Kiswahili, pamoja na maelezo, si mzigo wa kuzishinda idara za lugha za vyuo vikuu vyetu.

Jambo la pili linahusu utengenezaji wa filamu. Mbrazili, Mmeksiko, Mwajentina na mwandishi wa Puerto Rico waliungana kusimulia safari ya nchi tano, na fedha zikatoka nchi nyingi zaidi. Eneo la Maziwa Makuu lina hadithi inayodai muungano wa namna hiyo, na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 visingizio vya kiutaratibu vimepungua. Raoul Peck alipotengeneza Lumumba (2000), vita vilimlazimisha kuipigia picha Zimbabwe na Msumbiji, na Kongo ikaigizwa mbali na Kongo. Washauri wa sera za utamaduni wanaoandaa miradi ya urithi wa ukombozi mara nyingi huanzia kwenye majengo, makaburi na vibao. Mwaka 1965 haukuacha majengo mengi kati ya Kigoma na Kibamba. Uliacha watu waliobeba, waliotafsiri, waliovua samaki usiku ule na waliobaki ufukoni wakati mashua zilipoondoka.

Mswada wa filamu kama hiyo hauwezi kutungwa kwa kutegemea kitabu cha Tatu peke yake, la sivyo nyuso zitarudi kuwa nyeusi na nyeupe na kimya. Unahitaji ushahidi wa upande wa pili wa maji, kwa Kiswahili cha Fizi, Kibembe na Kiha, na ushahidi huo umo vichwani, haumo makabatini. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano siku ile alizaliwa mwaka 1950.